Rahisi kwa Nani?

Kiswahili chetu kina neno moja linalobeba mizigo miwili. Tukisema kitu ni rahisi, huenda tunasema bei yake ni ndogo, na huenda tunasema hakina ugumu. Mara nyingi tunazichanganya maana hizo bila kufikiri: kilichouzwa kwa bei ndogo tunadhani hakikumgharimu mtu yeyote. Wahenga nao wakatuonya kwamba rahisi huvunja upishi. Katika makala hii tunataka kuzitenganisha maana hizo mbili, na kwa kazi hiyo tutatumia kitu ambacho si kawaida kukikuta katika kitabu cha mambo ya imani: magitaa ya umeme ya bei ndogo, yaliyouzwa na maduka makubwa ya Marekani miaka sitini iliyopita.

Sisi tunaoandika ni wachungaji watatu wa Kilutheri. Kalamu imeshikwa na mmoja, lakini maneno ni ya wote. Tulipokwenda kuongeza masomo ya theolojia katika mji wa Chicago tulikuwa wanne, na huko ndiko tulikoanza kukusanya magitaa haya. Watu wa sharika zetu wamekwisha kutuuliza mara nyingi: mchungaji, hilo gitaa la zamani la nini, na kinanda cha usharika kipo? Watoto wa shule ya Jumapili huuliza swali fupi zaidi: ni la kuchezea? Maswali yote mawili ni ya haki, na yanastahili jibu refu kidogo.

Tuanze na Chicago yenyewe. Katika mji huo ilikuwapo kampuni ya Sears, Roebuck and Company, ambayo kwa miaka mingi ilituma kwa posta katalogi nene hadi vijijini kabisa. Mkulima aliifungua mezani akachagua jembe, cherehani, saa, viatu, na wakati fulani hata nyumba nzima iliyokuja vipande vipande ili mwenyewe aiunganishe. Ndani ya katalogi hiyo mlikuwa na kurasa za ala za muziki, na magitaa yake yalibeba jina la Silvertone. Sears haikuyatengeneza kwa mikono yake. Iliagiza kwa wenye viwanda, kisha ikabandika jina lake. Baadhi yalitoka Harmony, kiwanda kilichoanzishwa Chicago mwaka 1892. Mengine yalitoka Kay, nacho ni cha Chicago. Mshindani wake, Montgomery Ward, ambaye pia alikuwa na makao yake katika mji huo huo, aliuza magitaa yake kwa jina la Airline.

Lakini magitaa ya Silvertone yanayokumbukwa kuliko yote yalitoka mbali kidogo, katika jimbo la New Jersey. Huko Nathan Daniel, mwana wa wahamiaji, alianzisha kampuni ya Danelectro mwaka 1947. Alianza na amplifaya, na kuanzia mwaka 1954 akatengeneza magitaa. Tuwaeleze yalivyojengwa, kwa sababu hapo ndipo somo letu lilipo.

Gitaa la umeme la gharama kubwa huchongwa katika ubao mzito wa mti mzuri. Daniel alifanya vingine. Alitengeneza fremu ya mbao za kawaida, kama fremu ya dirisha, akaifunika juu na chini kwa hadibodi, ile ile ambayo mafundi seremala wetu huipigilia nyuma ya kabati. Hadibodi hiyo, kwa jina la kiwandani Masonite, ilivumbuliwa mwaka 1924 katika mji wa Laurel, Mississippi, na mtu aitwaye William Mason, aliyekuwa akitafuta namna ya kutumia mabaki ya mbao yaliyotupwa na viwanda vya kupasulia magogo. Ukingoni mwa gitaa Daniel alibandika utepe wa plastiki ili maungio yasionekane. Kisha ikaja kazi ya vile vinasa-sauti vinavyokaa chini ya nyuzi, ambavyo wapiga gitaa wetu huviita pikapu. Sumaku na waya wake vilihitaji kufunikwa kwa chuma chembamba. Daniel alipata vibweta vya lipstiki, ndiyo, rangi ya mdomo ya akina mama, vilivyozidi kwa mtengenezaji wake. Akaweka sumaku na waya ndani ya vibweta hivyo, na hadi leo pikapu hizo zinaitwa kwa jina la lipstiki.

Mwaka 1962 Sears ilitoa seti iliyopewa namba 1448. Kasha la kubebea gitaa lenyewe lilikuwa na amplifaya na spika ndani yake. Mtoto alifungua kasha, akalisimamisha, akachomeka waya, akaanza. Seti nzima, gitaa, kasha na amplifaya, iliuzwa chini ya dola 70. Kwa kulinganisha, gitaa la Fender Stratocaster lilipotoka mwaka 1954 liliuzwa kwa zaidi ya dola 200, na amplifaya ilinunuliwa peke yake.

Sasa mtu anaweza kusema: hadibodi ya mabaki, vibweta vya lipstiki vilivyozidi, basi hicho ni chombo cha takataka. Sisi wenyewe tumelifungua gitaa la namna hii kwa bisibisi na kulitazama ndani, na tunachokiona ni kinyume chake. Kila kilichoondolewa ni pambo: ubao wa thamani, michoro, mng'aro. Mahali sauti inapozaliwa hapakupunguzwa kitu. Pikapu zake zina sauti nyembamba, safi, inayong'aa, ambayo mafundi wa magitaa ya bei kubwa bado wanaiiga. Kwa hiyo gharama haikufutwa, bali ilihamishwa. Haikuwa tena katika mfuko wa mzazi wa mtoto, ilikuwa katika kichwa cha mtu aliyekaa akiwaza namna ya kumfikia mtoto huyo. Kilichokuwa rahisi kwa mnunuzi hakikuwa rahisi kwa fundi.

Na wanunuzi walikuwa nani? Wengi walikuwa watu wa kipato cha chini, weupe kwa weusi. Wanahistoria wa Marekani wameandika jinsi katalogi ya Sears ilivyokuwa nafuu kwa watu weusi wa majimbo ya kusini, wakati wa sheria za ubaguzi. Dukani kijijini mtu mweusi alingojea mpaka wazungu wote wahudumiwe, na mwenye duka aliweza kuamua auziwe nini na kwa masharti gani. Katalogi haikuuliza rangi ya mtu. Ilitaka jina, anwani na fedha. Hatusemi kwamba Sears ilikuwa kanisa. Ilikuwa kampuni iliyotafuta faida. Ila mlango ulikuwa wazi, na watu waliingia. Huko huko kusini, watoto wasioweza kumudu hata gitaa la katalogi walipigilia waya wa ufagio ukutani mwa nyumba, wakaukaza kwa chupa na kuucharaza. Tuliposoma habari hiyo tulicheka kwa furaha, kwa kuwa wawili wetu tulianza na gitaa la galoni la mafuta ya kula na waya za breki za baiskeli.

Mmoja wa watoto wa Silvertone alikuwa Jimi Hendrix wa Seattle. Gitaa lake la kwanza la umeme liliibiwa, na baba yake, mtu aliyeishi kwa vibarua vya kutunza bustani, akamnunulia jingine: Silvertone jekundu lililotengenezwa na Danelectro. Baadaye mtoto huyo alisikika dunia nzima. Na Jimmy Page wa Uingereza, ambaye bendi yake ya Led Zeppelin ilikuwa na uwezo wa kununua gitaa lolote duniani, aliendelea kupanda jukwaani na Danelectro la hadibodi. Maisha ya wanamuziki hao si mfano wa kuwahubiria vijana wa kipaimara, na hatukusudii hivyo. Tunachosema ni kwamba masikio yao yalijua kitu ambacho macho ya wengi hayakukiona.

Sisi tulikutana na gitaa letu la kwanza mnamo siku ya baridi, katika mauzo ya vitu vya nyumba upande wa kusini wa Chicago. Kule mzee akifariki au akihamia kwa watoto, vitu vyake hupangwa sebuleni, na watu wakaingia wakanunua. Tulikwenda kutafuta mablanketi. Mwenzetu wa nne akaona kasha la kijivu chini ya ngazi. Ndani mlikuwa na Silvertone 1448 yenye nyuzi tatu. Mama aliyekuwa akiuza, mwanamke mweusi wa umri mkubwa, alitueleza kwamba lilikuwa la kaka yake, marehemu. Alilinunua akiwa kijana kwa fedha za kugawa magazeti alfajiri kabla ya shule, na kwa miaka mingi alilipigia kanisani kwao, Wabaptisti. Bei iliyoandikwa ilitushinda. Alipofahamu kwamba sisi ni wachungaji kutoka Tanzania, alituuliza kama kuna mmoja wetu anayejua kupiga. Mwenzetu akapiga kidogo kwa nyuzi zile tatu. Yule mama akanyamaza, kisha akasema tumpe dola 40 tu, kwa sharti moja: lisiende kutundikwa ukutani.

Tulichanga dola kumi kumi. Tangu siku hiyo tukawa wakusanyaji, kama wanafunzi wanne wenye posho ya shida wanaweza kuitwa hivyo. Baadaye tulipata Harmony Bobkat, kazi ya mikono ya watu wa Chicago, kutoka kwa mwanafunzi aliyekuwa akihama. La tatu lilikuwa la Kijapani, lililofifia jina, la aina zilizofurika Marekani katika miaka ya 1960. Tuliishia hapo, maana begi lina kikomo na mke ana kikomo pia.

Mwenzetu ndiye aliyekuwa fundi. Baba yake alikuwa akitengeneza redio za valvu, naye alijifunza kulehemu kabla ya kujifunza Kiyunani. Alisafisha, akabadilisha waya, akarudisha sauti. Tuliporudi nyumbani alinunua transfoma ya kushusha umeme, kwa kuwa umeme wa kwao ni volti 120 na wetu ni 230. Lakini kitu alichokitunza kuliko yote kilikuwa daftari. Kila gitaa lilikuwa na kurasa zake: limetengenezwa wapi, limenunuliwa wapi, nani alilimiliki, alifanya kazi gani, alipigia wapi. Aliyaita maandishi hayo wasifu, kwa neno lile lile tunalolitumia tunaposoma maisha ya marehemu mbele ya jeneza. Alikuwa akisema kwamba kukusanya vitu bila kuwakumbuka watu ni uchoyo, na kwamba Bwana wetu alipotaka kukumbukwa hakuchagua dhahabu, alichagua mkate na divai, vitu vya mezani kwa watu wa kawaida. Sisi Walutheri tunafundisha kwamba ndani ya mkate na divai, pamoja navyo na chini yake, Kristo mwenyewe yupo. Gitaa si sakramenti, na hatutaki mtu atusikie vibaya. Ila mtu aliyezoea kumpokea Bwana katika mkate mdogo hapaswi kushangaa kwamba Mungu hadharau hadibodi.

Luther mwenyewe alipiga luti, chombo cha nyuzi ambacho jina lake na asili yake vinarudi kwenye udi wa Waarabu, ule ule unaosikika katika taarabu ya pwani yetu. Aliuheshimu muziki akauweka karibu sana na theolojia. Kwa hiyo mchungaji mwenye gitaa mkononi hajatoka nje ya nyumba ya baba zake.

Miaka imepita. Kiwanda cha Danelectro kilifungwa mwaka 1969, na Harmony mwaka 1975. Montgomery Ward ilifunga maduka yake mwaka 2001. Sears iliacha katalogi yake kubwa mwaka 1993, na mwezi Oktoba 2018 ikaenda mahakamani kuomba kinga ya mufilisi. Majengo yaliyoonekana kuwa ya milele yameanguka, na magitaa ya hadibodi bado yanaimba. Tena yamepanda bei. Vitu vilivyodharauliwa sasa vinatafutwa na wakusanyaji wenye fedha, na vingine huwekwa kwenye kabati la kioo, visipigwe tena. Hapo tunakumbuka onyo la Bwana juu ya hazina za duniani, nondo na kutu (Mt. 6:19-21). Kutu tunaijua, huanzia kwenye nyuzi za gitaa lisilopigwa.

Miaka minne iliyopita mwenzetu aliugua, na baada ya miezi michache Bwana akamwita. Aliacha mke na watoto watatu. Magitaa yote yalikuwa nyumbani kwake, kwa sababu ndiye aliyekuwa na lehemu, transfoma na subira. Mwaka mmoja baada ya mazishi, mama mchungaji akatuita. Mtoto wake wa kwanza alikuwa amepata nafasi katika chuo cha uuguzi, na ada ya kuanzia haikuwepo. Wakati huo huo rafiki mmoja wa Marekani, aliyetembelea usharika akaliona Silvertone na kasha lake, alikuwa ameandika kwamba yuko tayari kutoa dola 800 kwa seti hiyo. Mama mchungaji alitutengea chai, akakaa, akasema, "Mashemeji, hivi vitu ni vyenu pia. Niambieni ukweli, nifanye nini?"

Hatukukubaliana. Mmoja wetu alisema gitaa lile ni mkono wa marehemu. Ukiliuza umeuza kumbukumbu, na ahadi ilitolewa kwa yule mama wa Chicago. Mwingine alisema ahadi ilikuwa lisitundikwe ukutani, na mtoto kukaa nyumbani bila shule ni ukuta mbaya kuliko wa matofali. Wa tatu alisema magitaa yote yapewe kwaya ya vijana, kwa kuwa yalinunuliwa na wachungaji na kuombewa, na ada itafutwe kwa harambee. Kila mmoja alikuwa na Maandiko yake. Tuliongea mpaka chai ikapoa.

Mama mchungaji alitusikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza, "Mashemeji, si ninyi mnaosimamia mnada kila sikukuu ya mavuno?" Tukasema ndiyo. Akasema, "Bibi analeta kuku wa elfu kumi na tano. Anauzwa elfu hamsini. Mnunuzi akimrudisha madhabahuni, anauzwa tena. Mnadhani wale watu hawajui bei ya kuku sokoni?"

Tukanyamaza, maana tulijua anakokwenda.

"Mume wangu alilileta kwa dola arobaini," akasema. "Leo linadaiwa mia nane. Mnada umeshapigwa. Mimi nitauza hilo Silvertone, mtoto asome. Hilo la Harmony lichukueni mpeleke kwa vijana wa mtaa, wao hawana hata moja. Hilo la Mjapani niachieni mimi. Mdogo ameanza kulishika."

Hakulia. Sisi ndio tulioangalia chini. Katika yale matatu, Silvertone ndilo alilolipenda marehemu, na yeye alijua hivyo kuliko sisi. Alituomba jambo moja tu, kwamba jioni kabla halijaondoka tulipige pale nyumbani, watoto wakiwapo. Tukafungua kasha, tukalisimamisha sakafuni, tukawasha valvu, tukangoja zipate moto. Amplifaya ile ni ndogo sana; haizidi ukubwa wa sebule. Tuliimba nyimbo tatu kutoka *Mwimbieni Bwana*, polepole, na yule binti wa uuguzi aliimba sauti ya pili bila kukosea. Baada ya hapo mama mchungaji alichukua daftari, akanakili kurasa za Silvertone kwa mkono wake: kiwanda, katalogi, kijana wa magazeti, kanisa la Kibaptisti, dada yake, wachungaji wanne, jina la mumewe. Akaikunja ile karatasi akaiweka ndani ya kasha, ili yeyote atakayelifungua ajue limepita mikononi mwa nani.

Tangu siku hiyo tumelisoma upya jambo ambalo kila mwanafunzi wa theolojia ya Kilutheri hulikuta mapema. Mwaka 1937 Dietrich Bonhoeffer, mchungaji wa Ujerumani aliyekuja kuuawa na utawala wa Hitler tarehe 9 Aprili 1945, alichapisha kitabu kuhusu kumfuata Yesu, na ndani yake akaonya juu ya neema rahisi. Mtu huyu naye alijua kukusanya muziki. Alipokuwa mwanafunzi New York mwaka 1930 na 1931 alihudhuria kanisa la Kibaptisti la watu weusi huko Harlem, na aliporudi kwao alibeba sahani za santuri za nyimbo zao za kiroho, ambazo baadaye aliwapigia wanafunzi wake wa uchungaji. Nyimbo hizo zilimfikia kwa bei ya santuri. Waliozitunga walizilipia kwa utumwa.

Tunadhani onyo lake linaeleweka vizuri zaidi ukiwa umelishika gitaa la namna hii. Neema ya Mungu kwetu ni bure kabisa. Hatuwezi kuilipia, na anayejaribu kuilipia anaitukana. Lakini bure kwa mpokeaji haina maana ya bure kwa mtoaji. Gharama haikufutwa, ilihamishwa, ikabebwa msalabani. Neema inageuka kuwa rahisi, kwa maana mbaya, pale tu mpokeaji anaposahau kwamba kuna aliyelipa. Yule binti anayevaa sare nyeupe ya uuguzi hakulipa kitu. Je, ada yake ilikuwa rahisi? Muulizeni mama yake.

Mtume Paulo anasema tunayo hazina katika vyombo vya udongo, ili ionekane kwamba uwezo ni wa Mungu wala si wetu (2 Kor. 4:7). Katika sharika zetu tunapenda kulisoma neno hilo tukiwa tumelishika upande mmoja tu. Kuna anayelisoma ili kuhalalisha uvivu: Mungu anatumia hata kitu kibovu, basi tumpe kibovu. Nabii Malaki alikwisha kuwajibu walioleta mnyama kilema madhabahuni (Mal. 1:8). Hadibodi ilitokana na mabaki, ni kweli, lakini ilipitia mikono ya mtu aliyeifanyia kazi kwa heshima yote. Na kuna anayeupuuza udongo kabisa. Tumeona kwaya ya mtaa ikisimama na gitaa lililofungwa kwa gundi ya karatasi, na watu wa usharika mkubwa wakitazamana na kutabasamu. Tumeona kijana akiacha kupiga kwa sababu alionewa aibu, si kwa kukosa kipaji. Kijana wa namna hiyo akiondoka, hakuna kinanda cha mamilioni kitakachomrudisha.

Kwa hiyo tunawaalika wasomaji wetu kufanya hesabu moja ndogo, kila mmoja nyumbani kwake. Chukua kitu kilichokufikia bure au kwa bei ndogo: ubatizo wako, kusoma kwako, wimbo unaoujua kwa moyo, Biblia ya Kiswahili iliyo mkononi mwako. Kisha rudi nyuma uulize nani alikilipia. Wengi wetu tutamkuta mwinjilisti aliyevuka mito kwa miguu akifundisha kipaimara kwa posho isiyotosha sabuni. Tutamkuta mama aliyeuza mbuzi, na bibi aliyekesha akiomba. Mwisho wa njia, nyuma ya hao wote, tutamkuta Bwana mwenyewe. Hesabu hiyo haituachii deni la kulipa. Inatuachia jina la kutaja, na shukrani.

Binti sasa yuko mwaka wa pili. Harmony iko kwa vijana wa mtaa, nao wamekwisha kukata nyuzi mara nne, jambo linalotufurahisha kuliko kama zingekuwa nzima. Juzi mpiga gitaa wao, kijana wa miaka kumi na saba, alitufuata baada ya ibada akatuuliza gitaa lile lilinunuliwa kwa bei gani. Tulimwambia aende kwa mama mchungaji, aombe daftari, aanze kusoma ukurasa wa kwanza.